Barua ya wazi: Mama aliyeponea chupuchupu akiruhusiwa, anakabidhiwa kwa nani?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais – Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI),
Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam,

Waheshimiwa, salaam.

Nianze kwa kuwapa haki yenu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta kina mama 556 wanafariki kwa sababu za uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakuta 104. Mimi nimekuwa mkunga katika jiji hili tangu enzi ambazo kupata chupa ya damu usiku ilikuwa ni kuamsha ukoo mzima, kwa hiyo sihitaji kuelezwa uzito wa namba hizo. Upasuaji unafanyika sasa kwenye vituo vya afya ambavyo zamani vilijua kuandika rufaa tu. Mtu anapiga 115 na gari linakuja. Rais alipopewa ile tuzo ya Goalkeepers ya Taasisi ya Gates Februari 2025, kwa kupunguza vifo hivyo, sisi wakunga wastaafu tulipigiana simu kupongezana kama vile tumeitwa jukwaani wenyewe.

Ninachoandikia ni wale ambao hawamo katika hao 104. Walifika mlangoni pa mauti, wakarudi, na kwenye vitabu vyetu wanahesabika kuwa wazima.

Shirika la Afya Duniani lilishaweka vigezo vya kumtambua mama wa namna hii: aliyeongezewa chupa tano za damu au zaidi, aliyetolewa kizazi kwa sababu ya damu au usaha, aliyepumulia mashine, aliyesafishwa damu kwa kuwa figo ziligoma, aliyezimika akashtuliwa moyo. Muda unaohesabiwa unaanza na mimba hadi siku 42 baada ya mimba kwisha. Mabibi zetu walisema arobaini, wala hawakupishana sana na wataalamu. Tofauti ni kwamba bibi akishamtoa mzazi nje siku ya arobaini, bado analala naye nyumba moja. Anamwona akila, anamsikia akilia. Sisi wa hospitali, siku hizo zikipita, hatujui hata kama yu hai. Na mashirika ya Umoja wa Mataifa yanakadiria kwamba kwa kila mama mmoja anayefariki, wako wengine 20 hadi 30 wanaobaki na majeraha, maambukizi au ulemavu. Hao wanaishi mitaani kwetu. Ukitaka kuwaona, nenda Mbagala, nenda Manzese, nenda Gongo la Mboto, kaa kwenye benchi la zahanati asubuhi moja.

Niwapitishe kwanza wodini, siku ya ruhusa.

Daktari anapita raundi. Kitanda kimoja kina wazazi wawili, mmoja kalala kichwa huku, mwingine kule, na leba wanapiga simu kuuliza kama kuna nafasi. Mama wa kitanda cha dirishani alifika siku kadhaa nyuma akiwa hajitambui, akitapatapa kwa kifafa cha mimba. Leo anakaa mwenyewe, anakunywa uji. Presha imeshuka. Daktari anaangalia faili, anaandika mistari minne, anasema, "Mama, leo nyumbani." Muuguzi, ambaye yuko peke yake na wodi nzima, anampa karatasi na bahasha ya vidonge, anamwambia arudi baada ya siku saba, na hapo hapo anaitwa kwingine. Maelezo yote hayajamaliza dakika tatu. Kuja alikuja na gari la dharura lenye king'ora. Kurudi anapanda bajaji, na kila tuta la barabarani linaupitia mshono.

Msinielewe vibaya, simlaumu yule muuguzi. Nimevaa gauni lile. Ukiwa na mmoja anayetoka damu na mwingine anayesubiri kutundikiwa dripu, anayekunywa uji ndiye mzima. Ila tuulizane: ile karatasi inasema nini, na inamwambia nani?

Mwaka juzi alikuja kwangu Kimara dada mmoja, jirani wa jirani, kasikia kuna mkunga mstaafu. Alikuwa anatafuta mtoto. Mtoto wake wa kwanza alifia tumboni, kizazi kilipasuka, akafanyiwa upasuaji usiku, akapona. Tangu hapo hajaona siku zake, na wifi zake wamekwishampeleka kwa waganga wawili, mmoja Bagamoyo na mmoja Mkuranga. Alikuwa na mfuko wa nailoni wenye kadi ya kliniki, risiti, na ile karatasi ya ruhusa, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kukatika. Nikaifungua. Katikati ya maandishi ya Kiingereza ya haraka haraka kulikuwa na herufi tatu: T, A, H. Kila mkunga anazijua. Maana yake kizazi kimetolewa chote.

Alikuwa ametembea nazo mkobani muda wote huo.

Yawezekana aliambiwa. Mtu aliyepoteza damu kiasi kile, aliyetoka kwenye usingizi wa nusu kaputi na kuambiwa mtoto amefariki, ukimweleza jambo la pili haliingii. Au aliambiwa mume, mume akashindwa kulitamka. Sitaki kujua nani alikosea, na hospitali siitaji jina. Ninachotaka kusema ni kwamba hapakuwa na siku ya pili. Hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kumkalisha wiki mbili baadaye, mwezi baadaye, akamweleza kwa Kiswahili: mwili wako ulifikwa na hili, tulifanya hili ili uishi, na kuanzia sasa mambo yatakuwa hivi. Nililifanya mimi, kwenye mkeka, uani, jioni, huku kuku wanapita. Alilia kidogo tu. Halafu akauliza, "Kwa hiyo zile dawa za miti nilizokunywa zilikuwa zinakwenda wapi?"

Basi nije kwenye kliniki ya mtoto, maana hapa ndipo ninapoona tunapoteza nafasi kijinga.

Mtoto wa Tanzania anatakiwa kliniki wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne, mwezi wa tisa, mwezi wa kumi na nane, mbali na kupimwa uzito kati yake. Nani anambeba? Mama yake. Kwa hiyo yule aliyetoka kwenye kifafa cha mimba anakuja zahanati mwenyewe, kwa nauli yake, mara tano na zaidi, anakaa kwenye benchi letu saa mbili tatu. Mtoto ananing'inizwa kwenye mizani, anachomwa sindano, anaandikwa kwenye kadi. Mama anaambiwa, "Mfunike mtoto vizuri. Mwingine!" Mashine ya presha iko chumba cha pili! Kina mama waliopata kifafa cha mimba au dalili zake wana hatari ya takriban mara mbili ya wenzao ya kupata ugonjwa wa moyo na kiharusi huko mbele, na baadhi yao presha haishuki kabisa. Sisi tunakutana naye tena akiwa na miaka 40, mdomo umekwenda upande, na tunamwandika kama mgonjwa mpya.

Ni hivyo hivyo kwa aliyetoka damu nyingi. Alitakiwa aendelee na vidonge vya kuongeza damu kwa miezi, apimwe wingi wa damu tena. Anamaliza bahasha ya kwanza, basi. Halafu anaambiwa mvivu. Wako pia wachache ambao damu ilipotoka kwa wingi, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo ilikosa damu ikafa. Huyo maziwa hayatoki, siku zake hazirudi, anachoka hovyo, anahisi baridi. Ukimwona mtu amevaa sweta Dar es Salaam mwezi wa Januari, saa saba mchana, usikimbilie kucheka. Mama mkwe atasema karogwa. Ugonjwa huu una dawa, ni vidonge, lakini lazima kwanza awepo mtu wa kuuliza swali: ulipojifungua, ulipoteza damu?

Na aliyeachwa na mtoto mfu je? Huyu ndiye anayenikosesha usingizi kuliko wote. Hana kadi ya mtoto. Hana sababu ya kukaa kwenye lile benchi, na nani atataka kukaa pale katikati ya vichanga vya wenzake na maziwa yanamjaa kifuani? Njia yetu yote ya kumfikia mama tumeifunga mgongoni kwa mtoto. Mtoto akifa, mama anapotea kwenye daftari.

Kuna mambo mwili hauyaonyeshi. Kina mama hawa wanaogopa. Mtu anaamka usiku akihisi damu inamwagika, anapapasa godoro. Anaogopa mumewe akimsogelea, maana mimba nyingine kwake ni kifo, na hakuna aliyekaa nao wawili kuzungumza habari ya uzazi wa mpango kabla hajatoka wodini akiwa na akili zake. Wengine wanasahausahau. Kuna mmoja aliyekuwa na genge la nyanya na vitunguu Mabibo, baada ya kile kifafa akawa anakosea chenji, wateja wakamzoea, wakawa wanampunja. Akisema hayuko sawa anajibiwa, "Mshukuru Mungu, wenzako wako udongoni." Nami nimeshalisema neno hilo wodini, kama mkunga yeyote, na linatoka kwa nia njema. Lakini likirudiwa kila siku linamziba mtu mdomo. Mama ambaye maisha yamemshinda anaogopa kuonekana hana shukrani. Sonona tunaiita deko. Na wale walioonekana wakitetemeka na kutoa povu, mtaa mzima unajua ni majini.

Pesa nitaigusa kidogo, maana mnaijua. Huduma ya uzazi tunasema ni bure, na kwa kiasi kikubwa mmejitahidi. Lakini mgonjwa mahututi ana ndugu wanaolala nje ya geti, wanaokula, wanaopanda daladala mara mbili kwa siku, wanaotumwa dawa isiyokuwepo stoo. Bodaboda ya mume inauzwa. Mkopo wa riba kubwa, ule wa kausha damu, unachukuliwa. Kundi la michango la WhatsApp linachangamka wakati yuko ICU, na siku inapotumwa picha yake ameketi kitandani, watu wanaandika Amina na wanatoka mmoja mmoja. Madeni yanabaki naye. Na miezi mitatu baadaye akirudi hospitali na maumivu ya mshono au figo, dirishani anaulizwa: wewe ni mjamzito? Una mtoto chini ya miaka mitano anayeumwa? Hapana na hapana. Basi alipie.

Kwa walioajiriwa kuna sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au 100 kwa aliyezaa zaidi ya mmoja kwa mpigo, na mwaka 2025 tukaongezewa jambo la maana sana kwa waliozaa njiti: zile wiki zilizopungua kufikia 40 zinaongezwa kwenye likizo. Niliposoma nilifurahi. Kisha nikajiuliza habari za mama aliyemaliza wiki tatu za likizo hiyo akiwa hajitambui. Zipo siku za ugonjwa, 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na iliyobaki kwa nusu mshahara. Lakini azidai kwa cheti gani? Karatasi yake inasema hali yake ni nzuri. Najua hili si la wizara zenu mbili, ila nyie mnakaa meza moja na wenye nalo.

Sasa, ninachoomba.

Naomba karatasi. Mama aliyefikia vile vigezo asitoke hospitali na mistari minne ya Kiingereza. Atoke na karatasi ya Kiswahili, ngumu, inayokaa pamoja na kadi ya kliniki, inayosema: kilichokupata ni hiki, ulifanyiwa hivi, uliongezewa damu kiasi hiki, kizazi kipo au hakipo, dalili za kukurudisha haraka ni hizi, na ukishika mimba tena mwambie mkunga hivi na hivi. Watu wa mji huu wanahama. Leo kapanga Tandika, mwakani yuko Chanika, mimba inayofuata anaipeleka Kibaha. Aliyepata kifafa cha mimba anapaswa aanzishiwe aspirini ya dozi ndogo kabla ya wiki ya 20, na aliyepasuka kizazi kikashonwa hatakiwi kabisa kuachwa asubiri uchungu. Mkunga mgeni atalijuaje hilo kwa kumwangalia usoni?

Naomba awe na mwenyewe kwa mwaka mzima. Na hapa ndipo nawaandikia wawili kwa pamoja. Hospitali za rufaa za mkoa, yaani Amana, Temeke na Mwananyamala, pamoja na Muhimbili, ziko chini ya Wizara ya Afya. Zahanati na vituo vya afya viko chini ya halmashauri, na halmashauri ziko TAMISEMI. Mama anaokolewa upande mmoja na anarudi kuishi upande wa pili, na katikati hakuna anayepiga simu kusema, "Nakuletea mtu." Hospitali inajua kupokea rufaa. Ijifunze na kuirudisha: jina, namba ya simu, tatizo, vipelekwe zahanati ya mtaa wake siku ile ile ya ruhusa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao mliuzindua Januari 2024, wanapita nyumba hadi nyumba. Wapewe majina haya kwanza, na la aliyefiwa na mtoto liwe juu ya orodha. Na pale kliniki ya mtoto, mashine ya presha ihamishiwe meza moja na mizani. Hilo halihitaji bajeti, linahitaji mganga mfawidhi mmoja kuamua Jumatatu asubuhi.

Msiniambie haiwezekani kumfuata mgonjwa mpaka kwake. Hospitali ya CCBRT pale Msasani wanatibu fistula bila malipo, na walianza zamani kumtumia mgonjwa nauli kwa simu, kupitia mtu wa karibu naye, ili afike kutoka mikoani. Kama mama wa kijijini ameweza kufuatwa mpaka akafika Msasani, wa Buguruni hawezi kushindikana.

Naomba pia huo mwaka mmoja uingizwe kwenye kitita cha Bima ya Afya kwa Wote, sheria ambayo Bunge lilishaipitisha 2023. Lile swali la dirishani lipate jibu la tatu.

Na mwisho, mhesabu. Kifo cha mzazi kikitokea tunakaa kikao, tunapitia faili, tunaulizana maswali magumu. Ni utaratibu mzuri na mimi nimetoka jasho ndani yake. Aliyepona hatumkalii kikao. Kipo kipimo cha ubora wa maisha cha Shirika la Afya Duniani, maswali 26, yanayogusa mwili, nafsi, mahusiano na mazingira ya mtu. Moja linauliza kama una nguvu za kutosha kwa shughuli zako za kila siku. Waulizwe kina mama wa Dar es Salaam walioponea chupuchupu, miezi sita baada ya ruhusa, majibu yaletwe mezani pamoja na ile namba ya vifo. Ikishaonekana, mtajua wenyewe pa kuanzia.

Nina ombi dogo la pembeni. Hiyo karatasi ya Kiswahili mkianza kuitunga, msiwaachie madaktari peke yao, wala watu wa kompyuta. Tuiteni wakunga wazee wachache, na kina mama watatu wanne waliopitia, tuisome kabla haijakwenda kwa mpiga chapa. Nauli tutajilipia.

Wenu katika kazi,

Mkunga mstaafu,
Kimara, Dar es Salaam